Kabla ya Mimba Nyingine, Ijue Iliyopita

Mama aliyeponea chupuchupu wakati wa kujifungua, kisha akafikiria kuzaa tena, anahitaji kwanza kitu ambacho wengi hawakupewa: maelezo kamili ya kilichompata. Hapa Mombasa ni kawaida kumsikia mwanamke akisema "nilimwagika damu mno" au "nilipasuliwa haraka haraka," na habari ikaishia hapo. Madaktari walikuwa mbioni kuokoa roho, mume akihangaika na bili, jamaa wakimshika mtoto. Hakuna aliyeketi na mama akamweleza. Arubaini inatoka, miezi inapita, na mavyaa anaanza kuuliza mtoto atatafutiwa mwenzake lini.

Swali la mavyaa halina jibu moja, kwa sababu maradhi ya uzazi hayafanani. Yapo ambayo mara nyingi hayarudi. Yapo yanayorudi kwa nusu ya waliowahi kuyapata. Yapo yanayopunguzwa na kidonge cha bei ndogo, mradi kianzwe mapema. Na yapo machache ambayo daktari mkweli atakwambia wazi usibebe tena. Anayeyachanganya yote hubaki akiishi kwa hofu isiyo na msingi, au hujitosa akiwa hana habari ya hatari iliyo mbele yake.

Kwa hiyo anza na karatasi. Siku ya kuruhusiwa hospitalini ulipewa karatasi yenye muhtasari wa kilichotokea, hata kama hakuna aliyekusomea, na kitabu chako cha mama na mtoto kina kurasa za kliniki zote ulizohudhuria. Tafuta humo mimba ilikuwa na wiki ngapi ulipojifungua, presha ilipanda hadi wapi, ulipoteza damu kiasi gani na ukaongezwa chupa ngapi, kondo la nyuma lilitoka lenyewe au lilitolewa kwa mkono, na kama ulipasuliwa, mji wa mimba ulikatwa vipi. Ikiwa karatasi zimepotea, rudi ulikojifungulia, uende ofisi ya rekodi na kitambulisho chako pamoja na tarehe ya kujifungua, uombe nakala. Ni haki ya mgonjwa. Usione haya hata kama imepita miaka mitano.

Presha na kifafa cha mimba

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwa nini mazungumzo na daktari yafanyike kabla ya mimba.

Kondo la nyuma linapojipandikiza katika wiki za mwanzo, mishipa ya damu ya mji wa mimba inapaswa kupanuka ili mtoto apate damu ya kutosha. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki vizuri. Kondo likikosa damu hutoa kemikali zinazodhuru mishipa ya mama mwili mzima. Baada ya wiki ya 20 presha inafika 140/90 au kupita, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, maumivu yanashika chini ya mbavu za kulia. Hiyo ndiyo preeklampsia. Ikifika kwenye ubongo mama hupatwa na degedege, na hicho ndicho kifafa cha mimba.

Wapo bado wanaoliona degedege hilo wakasema ni jini, na mama akapelekwa kwa mganga katika saa zile zile ambazo sindano ya magnesiamu salfeti ingemwokoa. Dua isomwe, lakini isomwe njiani kuelekea hospitali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha nchi nyingi, ulithibitisha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwenye preeklampsia kuingia kwenye kifafa.

Je, itarudi? Kwa jumla, takriban mwanamke 1 kati ya 6 waliowahi kupata preeklampsia huipata tena. Ila wastani huo unaficha mengi. Ikiwa ilikuwa kali hata mtoto akalazimika kutolewa kabla ya wiki 34, ni 1 kati ya 4. Ikiwa alitolewa kabla ya wiki 28, ni karibu nusu. Ndiyo maana ile karatasi yenye idadi ya wiki ina thamani. Aliyepatwa wiki ya 38 na aliyepatwa wiki ya 27 wanakaa benchi moja kliniki, na wote watasema walikuwa na presha, lakini mimba zao zinazokuja hazipaswi kuangaliwa kwa namna moja.

Sasa turudi kwenye ile mishipa. Kwa kuwa kasoro huanza kondo linapojishika, dawa ya kuzuia lazima ianze mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aliye kwenye hatari kubwa anywe aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kila siku, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mimba na kabla ya wiki ya 20. Utafiti wa mwaka 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku kuanzia kati ya wiki ya 11 na ya 14, na preeklampsia iliyolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37 ikapungua kwa zaidi ya nusu. Dozi ni ya daktari kuamua, na mwenye vidonda vya tumbo au pumu amweleze kwanza. Jambo la kushika ni wakati. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita, kama wengi wafanyavyo, amekwisha kupitwa na kinga hiyo. Kalsiamu pia husaidia kwa wale ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo: gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ikitolewa kwa vidonge, juu ya dagaa, maziwa na ufuta.

Kuna ushauri unaozunguka sana mitaani ambao hauna msaada unaodaiwa. Kukaa kitandani mimba nzima hakuzuii preeklampsia. Kuacha chumvi kabisa hakuizuii pia. Shirika la Afya Duniani limeyakataa yote mawili kama njia za kinga. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanawake wakilaumiwa kuwa walijiletea maradhi kwa achari na kwa kutopumzika. Hawakujiletea.

Baada ya kujifungua presha inapaswa kupimwa tena na tena. Ikiwa bado iko juu baada ya miezi mitatu, huenda ilikuwapo tangu kabla ya mimba, na inahitaji matibabu yake. Hapo pana mtego: dawa nyingi nzuri za presha hazifai kwa mimba. Enalaprili na losartani humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye kuzitumia azungumze na daktari kabla ya kuacha njia ya kupanga uzazi, ahamishiwe kwenye methildopa, nifedipini au labetaloli. Asiziache tu kwa kuogopa, kwani presha isiyo na dawa nayo ni hatari.

Kovu usiloliona

Wanawake wengi waliopasuliwa hutazama kovu la tumboni wakadhani linaeleza kila kitu. Halielezi. Ngozi inaweza kukatwa kwa ulalo, chini kabisa, huku mji wa mimba umekatwa kwa wima. Na mkato wa ndani ndio unaoamua kama uchungu wa mara nyingine utakuwa salama.

Mkato wa kawaida hupita kwa ulalo sehemu ya chini ya mji wa mimba. Mwenye mkato huo mmoja, asiye na tatizo jingine, huweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na katika hospitali zenye vifaa takriban 3 kati ya 4 hufaulu. Hatari ya kovu kuachia ni karibu 1 kwa kila 200. Ni ndogo, lakini ikitokea mtoto hupoteza hewa kwa dakika na mama huvuja damu kwa ndani. Jaribio hilo lifanyike mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, si zahanati, wala nyumbani kwa mkunga hata awe na mikono mizuri namna gani. Aliyekatwa kwa wima sehemu ya juu, au ambaye mji wake wa mimba uliwahi kupasuka ukashonwa, asiachwe kuingia kwenye uchungu kabisa. Upasuaji wake hupangwa mapema.

Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito. Aliyepasuliwa kwa kuwa mtoto alitanguliza makalio ana matumaini makubwa zaidi ya njia ya kawaida kuliko aliyesukuma saa nyingi mtoto asishuke. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida hata mara moja ana nafasi bora kuliko wote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kondo linaloshikamana na kovu. Kila upasuaji huacha mahali ambapo kondo la mimba inayofuata linaweza kuzama ndani ya ukuta wa mji wa mimba lisitoke. Hatari hupanda vikali pale kondo linapokuwa limekaa chini, juu ya mlango wa kizazi. Katika hali hiyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulikuta kondo lililozama kwa wanawake 11 kati ya 100 waliokuwa wamepasuliwa mara moja kabla, 40 kati ya 100 waliopasuliwa mara mbili, na 61 kati ya 100 waliopasuliwa mara tatu. Kwa hiyo, aliyepasuliwa afanyiwe skani karibu na wiki ya 20, na swali lake la kwanza kwa mpimaji, kabla ya kuuliza ni mvulana au msichana, liwe: kondo liko wapi? Likiwa chini, skani irudiwe karibu na wiki ya 32. Likionekana limezama, kujifungua kupangwe kwenye hospitali kubwa yenye madaktari bingwa na damu ya kutosha.

Damu

Aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ana hatari ya takriban mara tatu kuliko mwenzake asiyewahi. Mara nyingi sababu ni mji wa mimba uliokataa kukaza, lakini huenda ikawa kipande cha kondo kilichobaki, mchaniko, au damu isiyoganda vizuri. Habari njema ni kwamba tiba imesonga mbele. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: wakunga waliweka chini ya mama plastiki yenye alama za kupimia damu, na damu ikizidi walianza mara moja kukanda tumbo, dawa za kukaza, dawa ya kugandisha, dripu na uchunguzi, vyote kwa pamoja. Uvujaji mkali wa damu ulipungua kwa asilimia 60. Unapochagua pa kujifungulia, uliza kama wanapima damu kwa njia hiyo.

Kazi ya nyumbani ni kuijaza damu kabla ya mimba. Mwanamke anayeingia kwenye uchungu akiwa na upungufu wa damu huzidiwa na kiasi ambacho mwingine angekistahimili. Pima wingi wa damu miezi kadhaa kabla, unywe vidonge vya madini ya chuma ikiwa imepungua, na acha udongo unaouzwa sokoni, ambao huzuia chuma kuingia mwilini na unaweza kubeba minyoo. Jua kundi lako la damu. Mwenye kundi hasi (kama O hasi) aliyezaa mtoto wa kundi chanya alipaswa kudungwa sindano maalumu ndani ya saa 72. Asipopata, mimba inayofuata inahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Na kuna jambo ambalo husahaulika. Kuvuja damu kupita kiasi kunaweza kuumiza tezi iliyo chini ya ubongo inayoongoza homoni. Mama huyo hakutoa maziwa, hedhi haikurudi, ana uchovu usiokwisha, na mimba haishiki. Jirani watasema amefanyiwa sihiri. Vipimo vya homoni vinaweza kuonyesha sababu, na dawa zipo.

Mengine, kwa ufupi wake

Kisukari cha mimba hurudi kwa takriban nusu ya waliokipata. Sukari ipimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua na tena kabla ya kubeba, kwa sababu viungo vya mtoto huumbika katika wiki ambazo mama hajajua kuwa ana mimba. Aliyeshonwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo ukeni, asubiri kupona kabisa, kisha ajifungue kwa upasuaji. Mwenye seli mundu, maradhi yasiyo machache hapa pwani, na anayetumia dawa ya valproeti kwa kifafa cha kawaida, wamwone daktari kabla ya kitu chochote kingine.

Aliyezaa mtoto aliyefariki tumboni anahitaji kujua sababu kadiri inavyoweza kujulikana: presha, sukari, kaswende, tatizo la kondo. Kaswende inatibika kwa penisilini, na mume atibiwe pamoja naye. Wengi wa wanawake hawa baadaye hubeba mtoto hai.

Na sasa lile gumu. Wapo wanawake ambao moyo wao hulegea na kupanuka mwishoni mwa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua: hawawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu imevimba, wanakohoa usiku. Picha ya moyo ikionyesha kuwa nguvu haijarudi, mimba nyingine inaweza kuua. Mwanamke akiambiwa hivyo, familia isimbebeshe mzigo wa kuthibitisha mapenzi yake kwa kuhatarisha roho. Maulamaa wengi hawaoni shida kupanga uzazi kwa ajili ya afya ya mama. Mume anaweza kufungwa mishipa ya mbegu, jambo jepesi kuliko upasuaji wa mkewe, ingawa bado wanaume wetu wanalikimbia.

Kusubiri kwa muda gani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miezi 24 kutoka kuzaliwa mtoto aliye hai hadi kubeba mimba nyingine, na angalau miezi 6 baada ya mimba kutoka. Waislamu wa Mwambao wanaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili. Hesabu hizo mbili hazigombani. Aliyepasuliwa ana sababu ya ziada ya kungoja, kwani kovu huachia kwa urahisi zaidi pale watoto wanapopishana chini ya miezi 18 au 19. Mwenye umri wa miaka 39 ana hesabu nyingine, kwa kuwa kungoja nako kuna gharama yake, na hapo ndipo ushauri wa daktari unapozidi kanuni yoyote.

Kunyonyesha peke yake hukinga mimba kwa miezi sita tu, tena ikiwa mtoto hapewi kingine na hedhi haijarudi. Mwenye presha aepuke vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili; koili au vijiti vinamfaa zaidi, na vikitolewa uwezo wa kubeba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ni nzuri lakini inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi mingi baada ya kuiacha, na mwenye haraka alijue hilo.

Miezi mitatu kabla ya kuacha kinga ndio wakati wa kwenda na zile karatasi kwa daktari wa uzazi. Nenda na mume. Aketi ndani, asikie kwa masikio yake, maana maneno ya daktari yakifikishwa nyumbani na mke peke yake mara nyingi hushindwa na ya wakubwa. Mtapanga vipimo, dawa za kubadilisha, asidi ya foliki ya kuanza mara moja, na pa kujifungulia.

Hilo la mwisho Mombasa lina ugumu wake. Mama wa Likoni au Mtongwe mwenye kovu asingoje uchungu ukolee ndipo atafute feri. Karibu na siku zake ahamie kwa jamaa kisiwani, au gari lijulikane mapema na dereva ajue njia ya Dongo Kundu, isiyopita feri. Wa Kisauni na Bamburi wana msongamano wa Daraja la Nyali wa kufikiria. Kesi nzito za pwani huishia Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, na ni afadhali kuanza kliniki ya wataalamu mapema kuliko kufikishwa usiku na ambulensi mahali ambapo hakuna anayekujua. Watafute ndugu wawili watatu wa kundi lako la damu walio tayari kutoa. Hakikisha usajili na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, viko sawa kabla ya mimba.

Na hofu? Ipo, na ina haki ya kuwapo. Mwanamke aliyeamka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kushtuka akisikia tu mlio wa mashine, akakosa usingizi, akakwepa mumewe. Kumwambia ashukuru yuko hai humfunga mdomo tu. Ashukuru, na pia aulizwe yukoje. Amweleze mkunga au daktari, kwani hali hiyo ina matibabu, na mimba inayoanza hofu ikiwa imesemwa huangaliwa vizuri zaidi.

Mimba nyingine ikifika salama mwisho, ulinzi usilegezwe siku ya kujifungua. Presha huweza kupanda na kifafa kuja hata wiki kadhaa baadaye, wakati mama yuko ndani anasingwa na wageni wanaingia kumwona mtoto. Anayemlea katika arubaini, awe mama mzazi, shangazi au somo, aambiwe dalili kwa jina: kichwa kikali kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, pumzi kubana, kitambaa kulowa damu ndani ya saa moja. Akiiona yoyote kati ya hizo, aite gari saa hiyo hiyo, bila kungoja asubuhi.